Gari la Kumbeba Mama Mkwe: Maisha ya Mwalimu Alexander Ngosha Luhende (1958–2025)

Ndugu waombolezaji, naitwa Evelina, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa kuwa, wanasema, hakuna mtu aliyebishana naye muda mrefu kuliko mimi. Ni kweli, na sikumshinda hata mara moja.

Mwalimu Alexander Ngosha Luhende alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa hapa nyumbani, wilayani Misungwi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Luhende na Mama Odeta. Mama alitusimulia kwamba Alexander alianza kutembea mapema, akaanguka, akainuka, na tangu siku hiyo akagoma kubebwa mgongoni. Ubishi huo alikua nao.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 na kumaliza la saba mwaka 1973. Baada ya masomo ya sekondari mjini Mwanza alijiunga na Chuo cha Ualimu Butimba, akahitimu mwaka 1980. Alifundisha hisabati katika shule za msingi za Ilemela mpaka alipostaafu Agosti 2018. Wanafunzi wake mko wengi hapa, na mnakumbuka kwamba hakukubali jibu lililofutwa. Alitaka aone ulipokosea, ndipo akusaidie.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na Paskazia, binti wa Mama Bernadeta Shimba. Wageni wetu mniwie radhi nieleze jambo ambalo wenyeji wanalijua. Katika ukoo wetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na hiyo ndiyo heshima. Mama Bernadeta akija kumwona binti yake, kaka alitoka kwa mlango wa nyuma, wakasalimiana ukuta ukiwa katikati. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mkwe wangu. Watoto hawajambo?" Waliishi hivyo karibu miaka arobaini, na sijaona watu walioheshimiana kuwazidi wale wawili.

Mwaka 2022 moyo wa kaka ulianza kusumbua, na daktari akamkataza kazi nzito. Mwaka uliofuata Mama Bernadeta akapata mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa halioni tena, na la kulia lilibaki na ukungu tu. Mwezi wa saba ikatangazwa kwamba wataalamu wa macho watakuja Mwanza kwa wiki moja tu. Kaka alituma gari la kukodi likamchukue Mama Bernadeta huku kijijini, naye mama akalirudisha tupu. "Mwambieni mkwe wangu, kwa giza hili nililonalo, nikipanda gari la mtu nisiyemjua nitajuaje ninakopelekwa? Alete la kwake."

La kwake lilikuwa pikapu ya mwaka 1984 iliyovuja maji na kuchemka kila ilipopanda kile kilima cha mawe pale nyumbani Ilemela. Kaka alikuwa amesikia kwamba bizari huziba rejeta, akamimina pakiti nzima. Alipoiwasha, mtaa wote ukanukia pilau, na majirani wakaulizana kwa mwalimu kuna shughuli gani. Maji yakaendelea kuvuja. Nadim, muuza spea, alipita kumjulia hali, akachungulia nyuma ya feni, akacheka mpaka akashika tumbo. "Mwalimu, rejeta yako nzima kabisa. Iliyokufa ni wota pampu, hii inayosukuma maji. Hiyo bizari mrudishie mama jikoni."

Tulimwambia aite fundi. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa sauti ambayo sijivunii. Akasema, "Gari la kumbeba mama mkwe nitalifungua kwa mkono wangu." Akaketi kwenye kigoda uani, akamwaga maji, akatoa mkanda na feni, akaanza kufungua bolti. Anafungua, anapumzika, anafungua tena. Moja iliyoganda kwa kutu aliibembeleza kwa mafuta ya taa asubuhi nzima. Jumamosi jioni pampu mpya ilikuwa imekaa mahali pake. Alipoweka maji, yakavuja palepale, maana hakuwa ameikwangua vizuri gasketi ya zamani. Shemeji yangu Paskazia alishindwa kuvumilia. "Baba Queen, acha. Utatufia hapa." Kaka akamjibu, "Moyo huu ni wangu, naujua. Macho ya mama yamebakiwa na wiki moja." Kesho yake akaishusha pampu yote upya, akakwangua mpaka chuma kikang'aa, na safari hii ikashika maji.

Likabaki la kukaa. Pikapu ilikuwa na kiti cha mbele peke yake, na mkwe hawezi kukaa bega kwa bega na mama mkwe. Basi Queen, binti yake mkubwa, akashika usukani, bibi akakaa pembeni yake, na kaka akapanda nyuma. Alikalia tairi la akiba kutoka hapa mpaka Mwanza, mgongo kwa bibi, akiangalia walikotoka. Waliposimama Usagara ili akague pampu, bibi alijifunika khanga usoni mpaka boneti ilipofungwa. Pampu ilikuwa kavu. Kaka alifika hospitali na vumbi hadi kwenye kope, nesi akamuuliza kama na yeye amekuja kutibiwa macho.

Mama Bernadeta alifanyiwa upasuaji, akaona. Aliliona ziwa, akawaona vitukuu vyake, akalalamika kwamba Paskazia amezeeka. Salamu za ukutani ziliendelea kama kawaida.

Mwishoni mwa mwaka jana hali ya kaka ilibadilika. Alifariki mjini Mwanza alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha mjane, Paskazia, watoto Queen, Jonathan na Wilhelmina, wajukuu watano, mimi mdogo wake, ninayemlilia, na mama mkwe wake.

Hili la mwisho halimo kwenye karatasi mlizonazo, kwa kuwa limetokea leo asubuhi. Mama Bernadeta aliwaomba wazee wa pande zote mbili ruhusa, nao wakampa. Tukamshika mkono mpaka kwenye jeneza, akateremsha khanga yake mabegani, akainama. Alimtazama kaka usoni kwa muda mrefu, hakuna aliyemharakisha.

Akasema, "Kumbe ndiye wewe, mwanangu."

Pumzika sasa, kaka. Mungu akulaze katika amani yake.