Nilipozimika, Walisema Nimefunguliwa

Bwana asifiwe! Namsifu mimi wa kwanza, na namsifu hivi hivi nilivyo, kwa sababu wapo walioniambia kwamba mdomo wangu hautamsifu mpaka kwanza nifanane na wao.

Naitwa Anaeli, mzaliwa wa Akheri, mhitimu wa chuo kikuu, na kazi ya kudumu bado sijapata. Nimeuandika ushuhuda huu kwa ajili ya jarida la vijana wa kanisa letu badala ya kusimama mbele, kwa maana kipaza sauti kikianza kukwaruza, maneno yote hunikimbia. Msinionee huruma kwa hilo. Someni tu.

Ndugu zangu, mimi nina usonji: ubongo wangu unapokea sauti, miguso na watu kwa namna yake. Pia nina tatizo la umakini, yaani akili yangu haitulii mahali pamoja hata nikiiomba. Sikurogwa, sikulaaniwa, sikuambukizwa. Nilizaliwa hivyo.

Mnajua ibada yetu inavyoisha. Tunatoka tukiimba, kila anayetoka anawapa mkono waliomtangulia, kisha anajipanga mwishoni, mpaka mstari unazunguka uwanja mzima. Kwenu ni furaha. Kwangu ilikuwa kama kushika pasi ya moto, nikiiachia hii napewa nyingine. Huyu anakuvuta, yule anakuuliza habari za masomo huku wimbo unaendelea, na pembeni mnada wa sadaka umeshaanza, jogoo analia na mtu anapaza bei ya mkungu wa ndizi. Nikawa natokea mlango wa nyuma.

"Msomi wetu," shangazi yangu aliniambia siku moja mbele ya watu, "huko chuoni mlikuwa mnasalimiana kwa miguu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikajilaza siku nzima nikilirudia neno hilo kichwani. Alimaanisha nini? Walimcheka nani? Ningejibu nini? Kesho yake nilikuwa bado najibu.

Hivyo ndivyo nilivyokua, nikiigiza watu wengine. Nilijifunza kutazama macho ya mtu ingawa yananichoma. Nilijifunza kucheka wenzangu wanapocheka. Mwaka wa mwisho wa chuo kuigiza kukanishinda. Sikuoga, sikwenda darasani, moyo ulikuwa unadunda kama nimefukuzwa na mbwa, nami nimelala tu kitandani. Rafiki yangu wa chumba kimoja akanipeleka hospitali.

Daktari wa akili, mama mmoja anayeongea polepole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Anaeli, usonji si kitu cha kutolewa ndani yako. Ila wasiwasi huu na hii sonona, huzuni isiyokuachia, tutavitibu. Umechoka kwa kuigiza." Akanipa dawa na kunipangia siku za kuzungumza na mshauri. Nikaanza kulala usingizi. Nikamaliza chuo! Nilimshukuru Mungu kwa vidonge vile kama mkulima anavyoshukuru mvua.

Nikarudi nyumbani. Nikaitwa kwenye usaili, ofisi moja pale Themi, na nilipoanza kujieleza mmoja wao akaniuliza, "Kijana, unaongea na sisi au na meza?" Kazi sikupata. Nikajifungia ndani tena, na wasiwasi ukarudi na nguvu zake zote.

Shangazi akaja. "Dawa anameza na bado yuko hivi," akamwambia mama. "Hilo ni pepo, wifi. Hamuoni anavyoikimbia mikono ya watakatifu?" Mama alikuwa amechoka kuniona vile. Akakubali.

Wote wawili wakanipeleka Elerai, kwenye kikundi cha maombi kinachokutana katika banda la mabati. Ilikuwa mchana, jua linachoma, spika mbili kubwa zimewashwa mpaka mwisho. Wakanizunguka. Mikono kichwani, mikono mabegani, mikono tumboni. "Toka! Toka! Mwachie!"

Nikasema, "Tafadhali, msinishike."

Yule waliyemwita Mtumishi akapaza sauti: "Mnasikia? Anaongea! Huyo siyo Anaeli!"

Ndugu zangu, nilikuwa mimi! Sijawahi kuwa mimi kama nilivyokuwa dakika ile!

Sasa sikieni. Makelele yakizidi na mikono ikizidi, mimi huzimika. Sauti inaondoka, viungo vinalegea, nawasikia watu wote lakini siwezi kujibu. Ndivyo ilivyokuwa. Nikashuka chini taratibu, nikalala kwenye saruji, kimya. Banda zima likalipuka kwa shangwe.

"Amefunguliwa! Tazameni alivyotulia! Tazameni amani!"

Vigelegele vikapigwa juu yangu. Shangazi aliruka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Nami nilikuwa pale chini nikisikia kila neno, nikilia kwa ndani bila chozi kutoka. Mtumishi akatangaza kwamba dawa ni kamba za adui, na aliyefunguliwa harudi kwenye kamba. Shangazi akazichukua dawa zangu. Nikaambiwa Jumapili nirudi pale bandani kushuhudia uponyaji wangu.

Nyumbani sikuongea. Majirani wakaja kunitazama. "Jamani, amekuwa mtulivu kweli!" Walikuwa wanafurahi kwa moyo safi, na hilo ndilo lililonimaliza, maana ningewaambia nini? Kuacha dawa ghafla kukaniletea kizunguzungu na jasho, kisha giza ambalo sikuwahi kuliona hata kule chuoni. Nilifika mahali sikutaka kuendelea kuishi. Naliandika wazi, kwa sababu yupo kijana anayesoma hapa na yuko mahali hapo leo.

Mama aliniletea chakula, akakirudisha. Akaleta tena, akakirudisha. Asubuhi ya Jumapili akaweka sahani chini, akakaa sakafuni, mbali kidogo, bila kunigusa.

"Anaeli, baba yangu, unataka kufa?"

Sauti haikutoka. Nikaitikia kwa kichwa.

Hakupiga kelele. Akasema, "Ulipokuwa mdogo, sokoni Tengeru, kelele zikizidi ulikuwa unaingia chini ya meza yangu na kunyamaza hivi hivi. Mimi ninakujua. Kule Elerai niliona ni kimya kile kile."

Wakati huo huo shangazi akabisha hodi, amevaa vizuri, na Biblia mkononi.

"Wifi, mtoto ajiandae. Mtumishi anamsubiri."

"Haendi."

"Haendi? Mungu amemponya, wewe unamzuia asimtukuze?"

"Mtu aliyepona anakula," mama akasema. "Huyu sahani zake narudisha jikoni. Mtu aliyepona anaitaka kesho. Huyu amenijibu sasa hivi kwamba haitaki. Dawa zake ziko wapi?"

"Nilizitupa. Ni kwa imani, wifi."

"Basi kwa imani hiyo hiyo mtafutie gari. Tunakwenda hospitali."

Shangazi akasimama mlangoni akinitazama. Sijui aliona nini. Akaiweka Biblia juu ya kabati, akatoa simu, akampigia jirani mwenye gari, akapanda kiti cha mbele, akatusindikiza mpaka mjini. Mungu ambariki kwa simu ile! Mengine tutayazungumza polepole.

Nililazwa. Daktari wa pale aliwaambia mama na shangazi wakiwa pamoja kwamba dawa zile haziachwi ghafla, na haziachwi bila kumwuliza anayezitoa, na kwamba kwa siku zile nisiachwe peke yangu. Mama hakuniacha. Sauti ilirudi kidogo kidogo. Neno langu la kwanza kamili lilikuwa kuomba uji, na mama akalia kwa sababu ya uji!

Sasa wapo wanaosema nimerudi kwenye kamba. Nawajibu leo, kwa heshima zote, shikamooni wakubwa zangu: nimerudi kwenye chakula, nimerudi kwenye usingizi, nimerudi kwa mama yangu nikiwa hai. Kama hizo ni kamba, zifungeni vizuri zisilegee!

Mnaniuliza kama nimepona usonji. Sijapona, wala siombi uondoke, kwa maana ndiyo akili niliyoumbiwa, na kwa akili hiyo hiyo namwabudu Mungu. Wasiwasi bado upo. Hata aya hii nimeifuta na kuiandika upya, nikiwaza nani atachukia. Achukie! Kushindwa kutazama mtu machoni si dhambi. Kuziba masikio kwenye spika si kumkataa Roho. Nilimwambia mchungaji wetu mambo haya, naye akasema niweke mkono kifuani pale mstari wa salamu unapopita, inatosha. Ikatosha.

Nimefunguliwa, naam! Ila si pale kwenye saruji. Nimefunguliwa kutoka kwenye uongo kwamba Mungu anangoja niwe mtu mwingine ndipo anipende. Uongo huo ulikaribia kuniua, na Bwana ameuvunja kwa mama aliyekaa sakafuni, kwa daktari anayeongea polepole, na kwa gari la jirani. Utukufu ni wake!

Ewe mzazi, mtoto wako akinyamaza ghafla katikati ya maombi, mtazame vizuri kabla hujapiga vigelegele. Mpe nafasi, punguza kelele, mpeleke kwa wanaojua, na uendelee kumwombea ukiwa naye njiani. Nawe kijana ambaye hutaki kesho ifike, mwambie mtu mmoja leo, hata kwa kutikisa kichwa tu. Mtumaini Mungu, na umeze dawa yako. Hayo mawili hayagombani.

Jumapili nitakuwepo. Nitakaa benchi la mwisho karibu na mlango, vizibo masikioni, macho nikitazama sakafu. Msije kunishika mabega. Siji kuombewa, nakuja kuimba.