Bibi Ozella Tolliver na Mitaro ya Mtaa wa Dogwood

Bibi Ozella Mae Tolliver alizaliwa Jumapili, tarehe 6 Februari 1944, nje kidogo ya mji wa Lathrop, jimbo la Alabama. Alikuwa mtoto wa sita wa marehemu Hosea na Eula Crenshaw, waliolima pamba katika shamba lisilo lao.

Alisoma katika shule ya watoto weusi ya Lathrop, ambako vitabu vilifika vikiwa na majina ya watoto wa kizungu waliokwisha kuvichoka. Ozella aliyafuta majina hayo na kuandika lake. Mwalimu alipomkanya kwamba kitabu si mali yake, alijibu kwa adabu kwamba hata huyo wa kwanza hakukinunua. Alimaliza Mei 1962, akiwa wa pili darasani.

Kwa miaka thelathini na moja alipika katika shule ya msingi ya mji. Watoto weusi kwa weupe walikula mkate wake wa mahindi na kuomba nyongeza. Watatu kati yao walikuja kuwa madiwani, wakapiga kura dhidi yake kila alipofika mbele yao.

Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na Roscoe Tolliver, fundi wa kiwanda cha mbao, wakahamia nyumba namba 22, Mtaa wa Dogwood. Bomba la majitaka la mji lilikomea kwenye kona, mbele ya nyumba ya mwisho ya wazungu. Kuanzia hapo, maji ya vyooni yalipita katika mitaro ya wazi. Mungu aliwajalia watoto wanne. Kitinda mimba wao, Verdell, alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 19 Agosti 1974, akiwa na miaka minne. Daktari aliuliza mtoto alikuwa akichezea wapi. Mama yake akasema, mbele ya nyumba.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alihudhuria vikao vya Halmashauri ya Mji kuomba bomba lisogezwe, na kila meya alimtaka awe na subira. Mwaka 1998, kwa msaada wa wakili Thurman Gaither, aliushtaki mji kwa kuwanyima watu huduma kwa sababu ya rangi yao.

Kesi ilisikilizwa Oktoba 2003. Wakili wa mji alimuuliza, kwa dharau kidogo, mpishi anajuaje vipimo vya mabomba.

"Nimepima kwa kamba ya kuanikia nguo," alisema. "Kutoka bomba linapoishia hadi mlangoni kwangu ni futi mia mbili na kumi. Kamba ninayo kwenye mkoba, ukitaka twende tukapime wote."

Watu walicheka. Wakili akageuza maneno, akadai hakuna ushahidi kwamba mitaro ile iliwahi kumdhuru yeyote. Bibi Ozella alikuwa amemkataza Gaither kumtaja Verdell. Hakutaka mwanawe awe kielelezo cha mahakamani. Aliufunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena, mpaka jaji akamuuliza kama anahitaji maji ya kunywa.

"Nilikuwa na binti," akasema. "Leo angekuwa na miaka thelathini na mitatu. Andikeni na hilo."

Alishinda mwaka 2005. Mji ulikata rufaa, akashinda tena. Ndipo Halmashauri ikapiga kura kusogeza mpaka wa mji, Mtaa wa Dogwood ukabaki nje, na hukumu ikakosa mtaa wa kutekelezewa. Alifungua kesi nyingine. Roscoe alifariki Novemba 2009 akiingojea. Alishinda na hiyo, na bomba likafika namba 22 tarehe 3 Mei 2019. Kati ya nyumba arobaini na moja za mtaa ule, kumi na sita tu ndizo zilizokuwa bado na watu.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Julai mwaka huu madiwani wawili walimtembelea na maua. Walisema wangependa kituo kipya cha kusukuma majitaka kiitwe kwa jina lake.

"Wanangu," aliwaambia, maana aliwalisha wote wawili, "kipeni jina la aliyetuchelewesha. Yeye ndiye anayestahili kukumbukwa hapo."

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, akiwa na miaka themanini. Halmashauri imeleta azimio la kumsifu, ikiomba lisomwe katika ibada hii. Kwa maagizo ya marehemu mwenyewe, halitasomwa.

Ameacha watoto watatu, Clyde, Jolene na Everett, wajukuu saba, mdogo wake, Bibi Lurleen Crenshaw, majirani wa nyumba kumi na tano, na kesi yake ya tatu, ya kudai Dogwood irudishwe ndani ya mpaka, ili watu wake wapige kura tena katika uchaguzi wa mji. Itasikilizwa Jumanne, tarehe 22 Oktoba, saa tatu asubuhi. Familia inawaomba mfike mapema, mkae viti vya mbele.

Mungu ampe amani ambayo Lathrop ilimnyima.