Kesi ya Salamu na Safari ya Herieth

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Afisa Elimu, Sheikh wetu na Mchungaji wetu, mliokaa benchi moja kama wakwe, walimu wenzangu, wazazi wa Heru Juu na wa Kasulu mjini, na ninyi wanafunzi, hasa mliopanda madirishani mkidhani siwaoni: Mwakeye!

Nitazungumza nikiwa nimekaa. Mheshimiwa, usione ni dharau. Mimi Stumai, ninayestaafu leo, nina ugonjwa unaochosha misuli kadiri ninavyoitumia, na ulimi nao ni msuli, ingawa walimu wenzangu watawaapia kwamba wangu ulichelewa sana kuchoka.

Nilipopangiwa kazi hapa nikitokea Pangani, nilikuja na sanduku la bati na majivuno ya mtu wa pwani. Nilidhani najua kusalimia. Jamani! Hapa mtu anakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, maharage yameamkaje, na yule mbuzi aliyekuwa anakohoa anaendeleaje, na bado hajakueleza kilichomleta. Nilijifunza, nikaipenda salamu ya Waha, na kwa salamu hiyo mkanipokea kama mtoto wenu.

Kisha, miaka kumi iliyopita, mwili ukaanza vituko. Asubuhi mzima kabisa. Jioni kope zinaanguka, nikicheka uso unakunjika kama nimenusa kitu kibovu, na salamu ikifika kwenye maharage sauti imekwisha, nabaki kupunga mkono tu. Mnadhani majirani walisema naumwa? Thubutu! Walisema tangu nipewe ukuu wa shule nimevimba kichwa.

Jirani yangu Mzee Longinus, yule pale mwenye koti la kijivu anayejifanya anatazama paa, akaitisha baraza la wazee. Naam, nilishtakiwa kwa kutojibu salamu! Nikasimama kujitetea, jua linazama, na kabla sijafika mbali maneno yakaanza kutokea puani. Wazee wakaona nawaigiza. Hukumu ikatoka palepale: kreti la soda. Nikalileta, wakalinywa mbele yangu, nami niliyepewa moja kwa heshima nikashindwa hata kuimeza.

Usiku huo Herieth, binti yake Mzee, aliyekuwa mwanafunzi wangu, akamuuliza, "Baba, mbona asubuhi anatusalimia mpaka tunachoka sisi?"  Alfajiri Mzee akaja mlangoni kwangu, akanisalimia, nikamjibu mpaka kwa mbuzi. Jioni akarudi, nikashindwa kufika hata kwa watoto. Akavua kofia. "Mwalimu," akasema, "tumekukosea. Wewe unaumwa." Na si maneno tu: alipanda basi pamoja nami mpaka Mwanza, akanikabidhi kwa daktari, akakaa nje akisubiri. Ni wazee wangapi mnaowajua wanaoweza kutoa hukumu jioni na kuivunja wenyewe kesho yake? Nilimpenda mzee huyu siku ile, na nampenda mpaka leo.

Daktari akaniambia nitazame dari bila kushusha macho. Kope zikashuka zenyewe. Akanieleza kwamba damu ina walinzi, wanaitwa kingamwili, na kazi yao ni kukamata vijidudu. Ni sungusungu wa mwilini. Sasa baadhi ya sungusungu wangu wamekosea nyumba: wanaishambulia milango ya misuli yangu mwenyewe, ambayo kupitia kwayo mishipa ya fahamu hupeleka amri. Dawa ninazomeza zinanisaidia, nisingekuwa hapa bila hizo, lakini baadhi yake zinawalegeza sungusungu wote, wabaya na wazuri. Ndiyo maana mafua ya Nickson, mshereheshaji wetu, yakimkaa siku mbili, mimi yananikaa mwezi.

Herieth, ambaye leo ni mtaalamu wa maabara, amenieleza jambo lililonifanya nisahau kumeza chai. Kuna wanasayansi wanaotengeneza protini kwa kuichora upya kipande kwa kipande. Upande mmoja umefanana na ule mlango wa msuli, kwa hiyo sungusungu wabaya peke yao wanaukimbilia na kuung'ang'ania. Upande wa pili unawavuta mpaka mahali mwili unapowasaga. Wazuri hawaguswi, wanaendelea na lindo. Je, kuna hukumu ya haki kuliko hiyo? Lakini nisiwadanganye: dawa hiyo haiko dukani. Bado iko kwenye mirija ya maabara na kwa panya wa majaribio, na huenda mimi nisiione.

Herieth amepata nafasi ya kwenda Uholanzi kusomea kazi hiyo. Chuo kinataka jibu wiki hii. Na Herieth ameniambia, "Mwalimu, bila baraka ya baba sitoki." Baba amekataa.

Nilimfuata kumuuliza. Mnajua aliendesha gari la maji kambini Mtabila, kwa wakimbizi wa Burundi. Akaniambia, "Kambi ilipofungwa niliwaona wote wakipanda malori. Ndayiragije, rafiki yangu wa bao, alipanda. Hakuna aliyerudi kunisalimia."  Nilirudi nyumbani nikalia.

Leo ninalo jibu. Mzee wangu, Ndayiragije alikuwa anarudi kwao. Na Herieth, kwao ni wapi? Si hapo Heru Juu, nyuma ya migomba yako? Kamati imenipa mabati na godoro, Mungu awabariki, nitayatumia. Lakini mstaafu huulizwa anataka nini, nami sikuulizwa. Namtaka Herieth aende. Siamuru, ukuu wangu umekwisha leo. Ukikataa, kesho nitakuja kunywa chai kwako kama kawaida.

Naomba maji... Sauti inaanza kwenda puani, na safari hii msinitoze soda.

Ngojeni. Mzee anasimama. Nyamazeni jamani! Nickson, mpelekee kipaza sauti... Hakitaki.

Mmesikia? Wa nyuma hamkusikia. Amesema, "Agende." Aende! Ngojeni kwanza, acheni vigelegele, anaongeza. Anasema atampeleka yeye mwenyewe mpaka Dar es Salaam, na hataondoka uwanjani mpaka ndege ipotee machoni.

Mheshimiwa, nilikuwa na kurasa mbili zaidi. Sizihitaji. Kwa masikio na uvumilivu wenu, nawashukuru wote. Sasa mleteni huyu mzee hapa mbele nimpe mkono, maana mimi kusimama siwezi.