Jumapili Walizokwenda Bila Mimi

Assalaam alaykum, mama zangu, dada zangu, na nyinyi kaka mliokaa huko nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka. Mimi pia nilitaka kutoroka. Mwenyekiti wetu ananiambia muda mrefu sasa, "Na wewe simama useme," nami kila mara namjibu kwamba nina mafua. Leo sina mafua.

Mnajua nimeolewa hapa Unguja, na mnajua lafudhi yangu, maana mnaicheka. Chekeni tu, nimezoea. Nimezaliwa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, huko Komoro. Nitakayosema ni ya miaka ile kisiwa chetu kilipojitenga na wenzake. Sitamtaja mtu jina. Wengine wako hai, wana watoto wao, na hakuna aliyenipa ruhusa. Wala sikuja kusema siasa. Nani alikuwa na haki, waulizeni wanaojua. Mimi nazungumzia upweke, kwa sababu huo naujua.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Moroni, kisiwa kikubwa, Ngazija. Nilikuwa kijana, sina mume, sina mtoto, na mama yangu nilimwacha nyumbani Mutsamudu. Moroni sikuwa na ndugu hata mmoja. Nilichokuwa nacho ni kikundi cha Jumapili. Tulikuwa walimu, wauguzi, fundi cherehani mmoja, na dada mmoja wa kampuni ya simu aliyekuwa akichoka kabla hatujaanza. Jumapili moja tunapanda mlima, tunapita Mvouni, tunaendelea juu mpaka migomba inaisha na baridi inaanza. Jumapili ya pili tunashuka pwani, kaskazini ya mji, tunaingia kwenye kayaki. Kayaki ni vijitumbwi vyembamba vya plastiki. Mwalimu mmoja wa kigeni aliondoka akatuachia, vimekwaruzwa kila mahali na yale mawe meusi ya volkano, lakini vinaelea. Tunapiga kafi kufuata ukingo mpaka usawa wa Ntsoudjini, tunavuta vyombo mchangani, tunachoma shelisheli na samaki, tunaswali, tunarudi.

Kayaki yetu ilikuwa ya watu wawili. Mbele alikaa shoga yangu, mwenyeji wa Ntsoudjini. Nyuma nilikaa mimi. Wa mbele ndiye anayeweka mwendo, wa nyuma anafuata na kuongoza. Kwa hiyo nawaambia ukweli, mgongo wake niliujua kuliko uso wake. Nilijua amechoka kabla hajasema. Nilijua akicheka, hata kama upepo umechukua sauti.

Basi, habari za Nzwani zilipoanza kutoka redioni, kwanza tulifanya mzaha. "Haya, wewe sasa mgeni, lete pasipoti!" Tukacheka wote, na mimi nikacheka kuliko wao. Mnajua kile kicheko ambacho mtu anacheka huku anaangalia nyuso za wenzake? Ndicho hicho.

Halafu askari wakapelekwa Nzwani kukirudisha kisiwa, na wengine hawakurudi. Mmoja wao alikuwa kaka yake shoga yangu.

Nilikwenda msibani. Nilivaa shiromani yangu, ile nguo wanawake wa kwetu Nzwani wanajitanda nayo, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine ya heshima. Sikufikiri. Nilipofika mlangoni wanawake walinyamaza. Nikatoa salamu na pole kwa lahaja ya kwetu, maana kwenye majonzi mtu husema lugha ya mama yake. Ndugu zangu, Kingazija na Kinzwani ni ndugu, lakini ukifungua mdomo tu wanajua umetoka wapi. Mama wa marehemu akainuka, akanifuata, akanishika mkono, akanitoa nje polepole. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, Mungu akulipe kwa kuja. Lakini leo siwezi kuyasikia maneno hayo ndani ya nyumba yangu. Nenda."

Nilikwenda. Shoga yangu sikumwona.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyenipitia. Nikajisemea, ni kwa ajili ya msiba. Ya pili pia hakuna. Ya tatu nikashuka mwenyewe pwani. Nikawakuta wameshatoka, wako majini, mbali kidogo. Shoga yangu hakuwamo. Lakini kayaki yetu ilikuwamo, na ndani yake wamekaa watu wengine wawili, wanagonganisha makafi, hawapatani mwendo. Nikasimama mchangani. Mmoja akaniona. Akainua kafi kama anayetaka kunisalimia, kisha akalishusha, akageuka upande wa wenzake.

Yule sikumchukia. Alikuwa anaogopa, kama mimi nilivyokuwa naogopa. Lakini njia ile ya kurudi nyumbani kwangu, nimeitembea mara nyingi sana maishani, na haijawahi kuwa ndefu vile.

Kuanzia hapo nikaanza kuficha sauti yangu. Darasani nilisema Kifaransa kitupu, hata na watoto wadogo wasioelewa. Dukani nilinunua mkate kwa kuonyesha kidole. Mwenye duka akadhani nimepatwa na ugonjwa wa koo, akanishauri ninywe tangawizi na asali. Nikaitikia kwa kichwa. Jumapili nilifua nguo. Nilizifua zikiwa safi. Simu za Nzwani hazikupatikana, boti zilikuja kwa kubahatisha, na mama yangu sikujua anakula nini.

Hivyo hivyo ikapita miaka, si siku. Kisha hasira ikatoka majumbani ikaingia barabarani. Vijana wakawa wanasimamisha watu, wanawasemesha, wakisikia lahaja ya Nzwani wanawaambia rudini kwenu. Wengine walipigwa. Mwenye nyumba wangu aliniambia, kwa adabu kabisa, kwamba anaogopea madirisha yake.

Siku hiyo, mchana kweupe, mlango ukagongwa. Shoga yangu. Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa kama ya mtoto. Hakukaa. Alinitupia leso ya kwao, akasema, "Vua hiyo shiromani. Jifunge hii. Kuna boti bandarini."

"Wewe umejuaje?"

"Usiniulize. Na ukitoka humu usifungue mdomo. Mimi ndiye nitakayesema."

Tukatoka, amenikamata mkono kama tunakwenda harusini. Karibu na soko vijana wakatusimamisha. Mmoja akaninyooshea kidole: "Huyu nani?"

"Dada yangu. Anaumwa jino."

Nikabana leso kwenye shavu. Yule kijana akasema, "Dada yako wa wapi? Aseme mwenyewe."

Shoga yangu akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. "Twende kwa mama yangu ukamwulize yeye kama ana binti wawili. Mtoto wake wa kiume ameshamzika. Twende ukamhoji."

Yule kijana akatazama chini. Tukapita.

Bandarini nilitaka kumwambia neno. Nilianza, "Kaka yako..." Akanikata: "Usimtaje. Ukimtaja nitakuacha hapa hapa." Basi sikumtaja. Akaniachia mkono, akageuka. Nikautazama mgongo wake mpaka watu wakaufunika. Sijamwona tena mpaka leo. Nilisikia baadaye alikwenda Ufaransa.

Mtasema, basi nilifika kwetu, nikapumzika. Na mimi nilidhani hivyo. Boti ilijaa, watu walitapika, nami nilijiambia, kesho nitakuwa jikoni kwa mama yangu, nitasema kwa sauti mpaka majirani walalamike.

Mutsamudu, mji wa kale uko chini ya ngome, vichochoro vyembamba, mtu hupita kwa miguu tu. Nilipita mbio. Mlango wa mama ulikuwa na kufuli. Nikagonga kwa shangazi yangu, nyumba ya pili. Akatoka, akaniona, akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Wewe hukuambiwa?"

Mama yangu alikuwa ameshakufa na kuzikwa zamani. Walijaribu kunipata, simu hazikupita. Wakampa msafiri salamu anifikishie, msafiri hakufika. Kila mtu alidhani mwingine ameniambia.

Nikapewa ufunguo. Nikaingia nyumba ile nikiwa nimejifunga leso ya Ngazija, na nikisema, maneno ya Ngazija yananitoka bila kutaka, maana nimeishi huko. Nikasikia mtu kichochoroni: "Ni yule wa Moroni. Kaletwa na nini sasa?" Moroni nilikuwa mtu wa Nzwani. Nzwani nimekuwa mtu wa Moroni. Shule zilikuwa zimefungwa. Bidhaa haziingii kisiwani, petroli hakuna, unga wa kubahatisha. Nikafunga madirisha. Kichochoro ni chembamba mno, nasikia vijiko vya jirani vinavyogonga sahani, nasikia wanavyomgombeza mtoto, wanavyocheka. Mimi ndani kimya. Shangazi analeta chakula, anakiweka, anakuta cha jana hakijaguswa. Sitawaficha, nilikuwa nangoja kufa. Sikufanya kitu. Nililala tu na kungoja.

Jirani aliyekaa mkabala nami alikuwa mwanamke wa umri wangu, ana mtoto mgongoni. Asubuhi moja akagonga. Sikufungua. Akasukuma mlango akaingia.

"Shangazi yako anasema huko Ngazija ulikuwa unapanda milima," akasema. "Mama yangu anaumwa, yuko kijijini juu. Gari hakuna. Njia naijua, lakini peke yangu na mtoto siwezi. Nipeleke."

Nikamwambia siwezi hata kufika msikitini.

"Basi tutakwenda polepole."

Nikamwambia atafute mwingine. Akaketi kizingitini, akamweka mtoto mapajani, akaanza kumnyonyesha. Akasema, "Mwingine hayupo. Nitakungoja." Na akangoja kweli, ndugu zangu! Yule mwanamke anaudhi. Mwishowe nilivaa viatu ili aniondokee mlangoni.

Tukapanda. Miguu ilitetemeka kama ya ndama. Lakini mwili una kumbukumbu yake. Nikajikuta namwambia, kanyaga hapa, usikimbilie juu, pumua kwa pua, nipe mtoto nikubebee. Tukapita mashamba ya mikarafuu. Kwenye kizuizi vijana wenye bunduki wakatuuliza tunakwenda wapi, yeye akajibu, tukapita. Penye kijito tukaketi. Nilikuwa nimempakata mtoto wake, amelala. Ndipo jirani akasema, bila kunitazama, "Mama yako nilimwosha mimi."

Nikamshika mtoto kwa mikono miwili.

"Mimi na shangazi yako. Siku zote nataka kukwambia, naogopa. Ulikuja umefunga uso, nikaona huenda unatuona sisi wabaya. Alipokuwa mgonjwa nilikuwa namletea uji. Kila siku ananiuliza, boti imekuja? Namwambia bado. Siku moja nilimdanganya, nikasema imekuja, binti yako yumo, anashuka. Akaniambia nimfungulie dirisha. Akafa dirisha likiwa wazi, Mungu anisamehe."

Hapo ndipo nililia. Tangu Moroni sikuwa nimelia hata mara moja. Nililia mpaka mtoto akaamka, naye akalia, na mama yake akalia, wanawake wawili na kichanga tunalia kando ya kijito kama wendawazimu. Kisha nikamwuliza, "Nieleze tena. Nieleze yote." Na akanieleza njia nzima mpaka kijijini. Alikula nini. Alivaa nini. Nani alikuja mazishini. Nilikuwa na njaa ya maneno yale kuliko chakula.

Mama yake tulimkuta, akapona. Tuliporudi tulibeba mihogo na majimbi, na mji ukaona. Wiki iliyofuata bibi mmoja akaja: mtoto wake yuko juu, hawajaonana. Kisha mzee na mkewe. Nikawa nawapandisha wote, wanaotembea polepole nawaweka mbele, ili asiachwe mtu. Baadaye wavuvi wasio na petroli ya mashine wakatukopesha galawa zao, ndizo nyinyi huku mnaziita ngalawa, tukawa tunapiga kafi kufuata pwani, tunawapeleka watu kwa jamaa zao miji ya jirani. Wengine hawakuwahi kushika kafi, walimwagiana maji tu. Waliniita "yule wa Moroni" vilevile, lakini sasa waliniita kutoka kichochoroni asubuhi, kwa sauti, niamke.

Siwaambii kwamba upweke uliisha. Kuna nafasi ya mama yangu, kuna nafasi ya shoga yangu, na hizo hazijajaa hata nilipopata mume na watoto. Visiwa vilikuja kupatana. Watu huchukua muda zaidi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shoga yangu, popote alipo, aliyenivusha katika mji uliokuwa ukimlilia kaka yake. Namshukuru mama yake pia, maana alinitoa kwa mkono, si kwa fimbo. Namshukuru shangazi kwa sahani zote ambazo sikuzila. Na jirani yangu yule, nikimtaja nitalia, nanyi mtachelewa kurudi nyumbani.

Niliyojifunza ni haya. Shangazi aliniletea chakula, na chakula ni kizuri, lakini hakikunitoa kitandani. Aliyenitoa ni yule aliyekuja kuniomba kitu. Mtu aliyejifungia ndani anajiona hana kazi tena duniani. Mkimpa tu, anazidi kujiona hivyo. Nendeni mkamwombe. Mwambieni mnamhitaji, na iwe kweli.

Kuna mwenzetu hapa mtaani, amefiwa, tangu siku zile hatujamwona katika mkutano huu. Simtaji, mnamjua. Nyote mnajua jinsi anavyopika mkate wa kumimina, na mimi nina wageni Ijumaa na mkate wangu haujawahi kuumuka, mume wangu ni shahidi. Tukitoka hapa nakwenda kumgongea. Nani anafuatana nami?