Kwa Nini Wabwire Haji Mazoezi

Benchi letu liko mlangoni mwa holi ya mazoezi, hapa Kaloleni. Hadi mwezi uliopita lilikuwa juani, nikalalamika goti linaungua, tukalisogeza kivulini, juu ya ule mteremko wa saruji wa kuingilia, tukatia matofali mawili chini ya miguu ya upande mmoja lisitumwage. Mimi ndiye Shosho, nyanya wa mtaa. Nakaa na Njogu, tunayemwita Jaji, anayeshinda korti za Makadara akisikiliza kesi za wenyewe, na Masinde, Daktari, aliyewahi kufagia duka la dawa. Tuna miguu sita mizima, na mazoezi yetu ni kuinua kikombe. Siku hiyo tulimsema Wabwire, fundi wa mawe aliyeanguka mjengoni akavunjika uti wa mgongo.

— Wiki tatu hajaingia mazoezi, nikaanza. Mkewe anasema mikono imelegea. Jana alishindwa kujivuta kutoka kitandani hadi kwa kiti chake cha magurudumu.

— Uvivu huo, Shosho, akasema Jaji. Si Jumanne ile alifika hapa mbele yetu, akatusalimia, akageuza kiti akaenda? Ushahidi wa macho!

— Wacha porojo, akasema Daktari. Ukiinua vyuma sana, damu yote inahamia mikononi. Kichwa kinakauka.

— Umesomea wapi hiyo? Jaji akauliza.

— Nimefagia vitabu vyake, kule duka la dawa.

— Na maji yakimwagika hayazoleki, Jaji akakubali. Ndiyo maana mtu mzima hatoi jasho ovyo.

Mimi nikawashinda wote.

— Ni jicho. Kuna mtu anamtazama vibaya akija hapa.

— Nani?

— Mtu wa karibu sana, nikasema, nikajiongezea kahawa.

Ndipo akaja msichana kwa kiti cha magurudumu, vyuma mapajani.

— Hamjambo wazazi. Mimi Khadro, hufanya mazoezi na Wabwire. Nilikuwa nimesafiri mwezi mzima.

— Karibu, mwanangu. Kahawa?

— Asante, Shosho. Lakini nipitie wapi?

Jaji akaangalia mawingu. Daktari akachungulia kikombe. Upande ule kuna ngazi sita. Upande huu kuna sisi. Mimi nikatazama yale matofali chini ya benchi. Na Wabwire si mtu wa kumwambia nyanya wa watu kama mimi aondoke kwa benchi.

Tukainuka. Tulibeba benchi hatua nne tukalitua, tunahema kama ng'ombe wa mnada. Khadro, tayari yuko juu, akageuka:

— Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa nne. Nafasi zenu ziko.

Kwa Wabwire nilienda peke yangu. Kahawa nilimwachia Daktari. Nilibeba yale matofali mawili, fundi aone mwenyewe kwamba hayako tena kwa mteremko.