Mereana Hakutoka Jikoni

Kia ora, wasikilizaji wapendwa. Leo salamu hii naitoa kwa majonzi. Mereana Tūkaki amefariki. Narudia, maana mwenyewe bado siamini: Mereana, mpishi wetu wa marae, uwanja wetu wa jadi wa mikutano, alifariki Jumamosi mchana, humo humo jikoni.

Alizaliwa hapa hapa pwani, akaanza kumenya viazi vitamu tangu usichana. Ukimpita bila kusema kia ora, anakufuata mpaka kwenye gari. "Wewe! Kwani tumelala pamoja?" Mimi mwenyewe yalishanikuta, mbele ya wakwe.

Ni mtu mmoja tu ambaye hawakuwa wakisalimiana: kaka yake, Paratene. Waligombana juu ya mahali pa kumzika baba yao, na tangu hapo kimya. Paratene akija, wageni wakipanga mstari kugusana pua na wenyeji, ndiyo salamu yetu, Mereana yuko jikoni, na chungu chake.

Jumamosi Paratene alikuja na wageni. Tulipokwisha kula, akasimama kuwashukuru wapishi, kama ilivyo desturi. Wapishi wakatoka, wakajipanga. Mereana hakuwamo.

"Mwiteni dada yangu," akasema Paratene. "Shukrani hii ni yake."

Dada yangu! Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Neno hilo hatukuwa tumelisikia kwa miaka.

Sauti ikatoka jikoni: "Mwambieni sufuria hazijioshi! Asubiri!"

Tukacheka, wasikilizaji. Paratene naye akacheka, akaketi kumsubiri. Mara tukasikia kishindo. Binti wa Mereana, Kahurangi, akakimbia, akamkuta mama yake sakafuni. Daktari alisema ni moyo. Mtu tuliyemsikia akitania sasa hivi!

"Alikuwa anakuja," Kahurangi aliniambia. "Nilimkuta ameshavua aproni, na nywele ameshazichana."

Jana Paratene aliinama kwenye jeneza, akagusisha pua yake na ya dada yake. Kisha akamsemesha, maana kwetu marehemu husemeshwa. "Kia ora, Mereana. Asante kwa chakula chote nilichokula nikijifanya sijui kapika nani." Nililia kama mtoto, na sioni haya kusema.

Pole sana, Kahurangi. Poleni ukoo wote wa Tūkaki. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu unayemdai salamu, au anayekudai. Mfikirie leo.

Nilimuuliza Paratene niwaambie nini. Akasema: "Waambie mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilipaswa kuingia mimi."