Wiki Ambayo Mzee Marselino Aliusingizia Mwanga

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Ndugu Marselino Mabula, mtaalamu wa mionzi, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wengi mnamfahamu kama Baba Asteria. Wagonjwa wanaotoka Tinde humwita Daktari wa Mifupa, cheo ambacho hajawahi kupewa na mtu yeyote mwenye mhuri. Matroni Philomena ameniagiza mimi, Kudra, niliyekuwa msaidizi wake kwa miaka sita, niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la hospitali yetu. Nimejitahidi kuunyoosha, lakini wiki yake ya mwisho kazini ilituchanganya sote na siwezi kuiruka.

Aliajiriwa Julai 1991, wakati idara ya eksirei ilikuwa na mashine moja na chumba cha giza kisichozidi ukubwa wa choo. Humo, chini ya taa nyekundu, alisafisha filamu za vifua na mifupa kwa mikono yake, beseni hadi beseni, kisha akazianika kwenye kamba. Wachimbaji walioangukiwa na mawe kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Bugarama, wafugaji waliopigwa teke na ng'ombe, wazee wa kikohozi, kila mmoja alisalimiwa kwanza kwa Kisukuma, "mwangaluka", ndipo akaulizwa anaumwa wapi. Mwaka 2016 zilipokuja mashine za kompyuta, chumba cha giza kikageuzwa stoo ya mapazia mabovu. Yeye, akiwa na miaka hamsini na moja, akaanza kujifunza kubofya, na akabofya vizuri kutuzidi.

Amefundisha wanafunzi wa mazoezi wasiohesabika, nami nikiwamo. Kwake mtu hajifunzi kwa kutazama. Anakukabidhi kitu mkononi, yeye anafunga mikono yake nyuma na kunyamaza, hata kama unavuja jasho. Ukikosea hakufokei. Anakwambia urudie, basi.

Mwezi Mei uongozi uliamua kwamba chumba cha giza kivunjwe tarehe mosi Julai ili kupanua chumba cha ultrasaundi. Mzee Marselino alipokwenda kukihamisha, akakuta chini ya aproni nzito za risasi za kukingia mionzi mfuko wa ngozi, na ndani yake kamera ya mkanda aliyoachiwa na daktari mmoja mgeni aliyerudi kwao mwaka 1996. Zamani aliitumia kupiga picha za harusi na komunyo za kwanza. Simu zilipoenea akaiweka pale na kuisahau. Siku hiyo aliishika kama mtu aliyekutana na shemeji asiyemkumbuka jina.

Kamera yenyewe ni ya ajabu. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unamwona mtu mara mbili, mmoja kamili na mwingine hafifu, na unatakiwa kuzungusha pete ya lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja. Kila aliyechungulia alitoka amechanganyikiwa. Dereva wetu Mwita alielekezwa amtazame matroni, akairudisha haraka.

"Mzee, huku kuna matroni wawili," alisema. "Mimi mmoja tu ananitosha."

Mkanda ulipatikana mmoja, Dar es Salaam, ukaletwa kwa basi. Dawa za kusafishia alipewa na rafiki yake ambaye kituo chake bado kinatumia filamu. Alitaka kitu kimoja tu: ampige kila mtumishi picha moja, kisha azisafishe mwenyewe ndani ya kile chumba kabla hakijavunjwa. Watumishi ni thelathini na watatu, mkanda una picha thelathini na sita. Nafasi ya kuchezea haikuwepo.

Nani aliuweka mkanda ndani ya kamera? Mimi. Nilikuwa nimetazama video mbili kwenye simu, nikamwambia kwa kujiamini, "Mzee, hii ni rahisi." Akanipa kamera, akafunga mikono nyuma. Nikachomeka ncha ya mkanda, nikafunga kifuniko kabla hajainama kuangalia, tukaanza.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 23. Kwa siku nne alizunguka wodi kwa wodi. Alimpanga kila mtu kama yuko eksirei: mabega mbele, kidevu juu. "Vuta pumzi. Usipumue." Kisha klik, "Pumua." Na kila aliyepigwa alikimbilia nyuma ya kamera kutazama.

"Nionyeshe," alisema mlinzi wetu, Luka.

"Haina kioo."

"Sasa utajuaje kama imetoka?"

"Sijui," akajibu Mzee, bila aibu yoyote. "Tutajua tukisafisha."

Alhamisi mchana kihesabio cha picha kilifika thelathini na sita. Mzee akavuta wenzo wa kusogeza mkanda, ukaenda. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Matroni akasema ni baraka, na Luka akapigwa mara tatu. Ilipofika arobaini Mzee alikunja uso, akaning'iniza kamera shingoni, akaingia kwenye chumba cha giza na kujifungia. Nilisubiri mlangoni nusu saa, nikitegemea kusikia maji. Sikusikia kitu. Alitoka mikono ikiwa mikavu.

Kwenye chai ya saa kumi aliwatangazia watu wote: "Mwanga wa wiki hii haukuwa mzuri. Kesho tunarudia."

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa kabisa. Ni Juni, Shinyanga, hakuna hata kipande cha wingu, ardhi yenyewe inaumiza macho. "Jua hili lote, Mzee?" Mwita aliuliza. Alikuwa na safari ya kupeleka mgonjwa Mwanza kesho yake, maana yake picha yake ndiyo imepotea, na hakuficha kinyongo chake. Wengine walicheka pembeni. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema Mzee amechoka, mikono imeisha, ndiyo maana serikali imeweka umri wa kustaafu. Yeye naye alisikia. Akakoroga chai yake.

Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajafika, alinipa tena kamera na mkanda uleule. "Weka," alisema. "Safari hii ukivuta, tazama kile kitufe cha kushoto. Kikizunguka, mkanda unatembea."

Nikaweka, nikavuta. Kitufe kikazunguka. Jumatatu sikuwa nimekitazama hata mara moja. Ncha niliyoichomeka haikushika, na kwa siku nne kihesabio kilihesabu vivuto vitupu huku mkanda wote umelala ndani ya kopo lake. Hakuna mtu aliyepigwa picha. Yeye aliligundua hilo gizani kwa vidole. Nilifungua mdomo nimwombe radhi, akaniwahi.

"Kuna mgonjwa nje, Kudra. Mwite."

Siku hiyo tulipiga upya watumishi wote, isipokuwa Mwita. Jumamosi Mzee alisafisha mkanda kwenye chumba kile kwa mara ya mwisho, na hakuna hata picha moja iliyoharibika. Jumatatu, siku ya kuagana, aliutandaza mkanda kwenye kisanduku cha taa. Kila mtu akajitafuta asijione, maana rangi zilikuwa zimegeuka, nyuso nyeupe na meno meusi, na matroni alikana katakata kwamba yule ni yeye. Niligeuza rangi kwa simu, nikamtumia kila mtu yake. Watu walimsifu Mzee kwamba safari hii mwanga aliupata. Akasema ahsante. Nami nilikuwa nimesimama karibu naye.

Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa kuchekwa, na hilo linanichoma mpaka leo. Kwa hiyo naliandika hapa, mahali ambapo watumishi wote watalisoma: mikono ya Mzee Marselino haikuwa imeisha. Mwita, picha yako niliipoteza mimi, na sinia la wali utakaloniagiza nitalilipa bila ubishi.

Kwa niaba ya uongozi, watumishi na wagonjwa wote, tunakushukuru, Baba Asteria. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwenye shamba lako na siku ndefu za kukaa na Mama Asteria. Uishi kwa amani huko uendako. Na kama kuna anayekuuliza bado habari za mwanga wa wiki ile, mwambie ulikuwa mzuri tu. Kudra ameruhusu.